Mistari Miwili Sakafuni

Siku Titus alipoondoka, upepo wa Voi ulikuwa umeamka kabla ya watu. Ulipiga mabati ya karakana, ukasukuma vumbi jekundu chini ya mlango, ukageuza kila kitu kisichofungwa. Titus aliinuka kutoka magotini, akajipangusa chaki kwenye suruali, akasema anavuka barabara kununua wembe mpya wa kukatia.

"Mama Abby, usikanyage sakafu," alimwambia mkewe. "Nimeshachora."

Alianguka mbele ya kaunta ya duka. Walipomfikisha hospitali, moyo ulikuwa umekwisha kusimama. Mkewe, Jedidah, alikabidhiwa nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki, na ndani ya suruali kulikuwa na kipande cha chaki, kifupi kama jino.

Walimzika kwao Bura, mlimani, ambako ukungu hukaa kwenye migomba hadi saa za chai. Kwa ukoo wake, matanga yakishaanuliwa wanawake huteremka kuosha nyumba ya marehemu. Huosha mablanketi, kuta, sakafu, hata sufuria ambazo hazijapikiwa mwaka mzima. Nyumba ikishakauka, mwenye kubaki ameruhusiwa kuanza upya. Aliyewaongoza ni Mkamburi, dada mkubwa wa Titus, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Huko Voi waliosha kila kitu mpaka wakafika mlango wa karakana, wakakuta kufuli.

"Wifi, ufunguo," akasema Mkamburi.

"Humo kuna kazi ya mtu."

"Kazi ya mtu haikatazi maji."

"Hii inakataza."

Mkamburi aliweka ndoo chini. "Nyumba haioshwi nusu, wifi. Ukioga nusu ya mwili, ile nusu nyingine itakutangaza kanisani." Wanawake walicheka, ingawa walikuwa bado na leso za msiba kichwani. Jedidah hakucheka. Mkamburi akainua ndoo, akasema, "Basi nitarudi Ijumaa. Na ndoo yangu."

Kilichokuwa sakafuni ni mchoro wa windskrini ya mashua. Titus alikuwa fundi wa mahema ya kambi za watalii mbugani, na mahema hayo yana madirisha ya plastiki ya kuonea. Mwanamke mmoja wa Mtwapa, Zubeida, aliyelala katika kambi mojawapo, aliona namna madirisha yalivyonyooka bila kunyanzi hata moja, akauliza yameshonwa na nani. Alikuwa na mashua ya tanga ya kutembezea wageni. Windskrini yake haikuwa ya kioo. Ilikuwa plastiki laini iliyoshonewa kwenye turubai, ikapindwa juu ya mabomba mbele ya usukani na kufungwa kwa zipu, imkinge nahodha na upepo na maji ya chumvi. Jua lilikuwa limeichakaza hadi ikawa ya manjano kama chai ya maziwa, tena yenye nyufa. Titus alishuka Mtwapa mwenyewe, akapima mashuani, akarudi na ile kuukuu imekunjwa kama mkeka. Kisha akachora sakafuni, kama alivyochora kila kazi kubwa, kwa sababu karatasi hujikunja na saruji haijikunji.

Katika karakana ile mambo yalikuwa yamegawanywa tangu walipooana. Yeye alikata, Jedidah akashona. Mkasi ulikuwa wa mume na cherehani ya mke, na hakuna aliyegusa cha mwenzake. Sasa plastiki ilikuwa imeegemea ukuta, kipande kimoja tu kilichoagizwa kutoka mbali, na mwenye kukata hayupo.

Wiki ile Jedidah hakutulia. Aliketi jikoni, akainuka. Aliweka maji ya ugali, akayaacha yachemke hadi yakauke. Malori yalipita barabara kuu yakitikisa madirisha, treni ikapita, upepo ukapita, na yeye akapita kati ya nyumba na karakana kama mtu aliyesahau alichofuata. Alifungua kufuli, akasimama kizingitini, akatazama chaki, akafunga tena. Mlango ukibaki wazi, upepo ungeila chaki. Ukifungwa, mchoro ungekaa gizani bila faida. Abby, binti yao aliye chuoni Nairobi, alimwambia kwenye simu, "Mama, si upige picha tu?" Alipiga. Katika picha mistari ilionekana kama njia za konokono. Haikuwa mkono wa Titus.

Zubeida naye alipiga simu. "Bi Jedidah, pole sana, dada yangu. Kazi yake Mola haina makosa. Mimi Jumamosi napita hapo kwenda Taveta kwa wakwe zangu. Ikiwa tayari nitaichukua, na ikiwa si tayari nipe ile kuukuu niendelee nayo, wala usione haya."

"Itakuwa tayari," Jedidah akasema, kisha akashangaa ni nani aliyejibu.

Alhamisi aliingia. Alitandaza windskrini kuukuu juu ya mchoro, na hapo ndipo alipoona kuwa mchoro ulikuwa na mistari miwili. Ule wa ndani ulilingana na ile kuukuu kila kona. Ule wa nje ulikuwa mpana zaidi kwa unene wa kidole, na upande wa kushoto zaidi ya hapo. Alimwita Sylus, jirani anayeshona viti vya magari, amwangalizie.

"Huu wa nje alikosea, akachora mwingine," Sylus akasema. "Kata kwa kufuata hii kuukuu, Mama Abby. Sampuli haidanganyi."

Ndivyo wanavyofanya mafundi wote wa Voi. Unaletewa suruali iliyochanika, unaifumua, unakata mpya juu yake. Jedidah aliona neno hilo lina akili. Usiku ule alilala na sampuli kichwani, na kila alipogeuka ilikuwa bado pale.

Ijumaa Mkamburi alifika na ndoo kama alivyoahidi. Alimkuta wifi yake ameinama, plastiki imetandazwa mezani na ile kuukuu juu yake, mkasi wa Titus mkononi umefunguka mdomo. Mkasi ulikuwa ukigonga meza.

"Ukishika mkasi hivyo utakata vidole," Mkamburi akasema. Aliingia akiinua sketi asifute chaki, akainama. "Ni hii ndiyo uliyoninyimia ufunguo?"

"Ni hiyo."

"Mbona mistari ni miwili?"

"Sylus anasema Baba Abby alikosea wa kwanza."

Mkamburi alicheka kwa pua. "Titus? Huyu alikuwa akichora boma la mbuzi mchangani tukiwa wadogo. Tulimpiga, tukamwita mvivu, na bado hakurudia mstari. Akikosea anafuta yote, anaanza mwanzo, na mbuzi wako shambani kwa watu. Kama kaacha miwili, wifi, aliitaka miwili."

Jedidah aliweka mkasi chini. Alikumbuka jioni Titus aliporudi kutoka Mtwapa, ameungua pua, akila ugali na kulalamika. *Kile kitu kimenuna*, alisema. *Zipu yake inafungwa na watu wawili, mmoja anavuta, mwingine anaomba Mungu. Na upande wa kushoto hata maombi hayasaidii.* Siku ile alimcheka, kisha akasahau.

"Ile kuukuu imenywea," akasema polepole. "Jua limeivuta. Wa ndani ni jinsi ilivyo sasa. Wa nje ni jinsi inavyotakiwa kuwa."

"Basi unangoja nini?"

"Wembe."

Hakuwa amevuka barabara ile tangu siku ile. Alivuka. Muinde mwenye duka alimwona akija, na kabla hajasema neno akautoa wembe kwenye droo, ukiwa bado kwenye karatasi yake. Alikuwa ameutenga tangu siku Titus alipoanguka. Jedidah alisema asante, akarudi haraka, kwani upepo ulikuwa ukivuta leso.

Waliteremsha plastiki sakafuni, juu ya mchoro. Ilijikunja kila pembe kama mtoto asiyetaka kuogeshwa. "Wifi, wewe umejaliwa," Jedidah akasema. "Kaa hapa."

"Nimefiwa na ndugu, sasa nimekuwa jiwe la kukandamizia," Mkamburi akasema, akakaa.

Chini ya plastiki mistari ilionekana wazi, kana kwamba iko chini ya maji safi. Jedidah alishika wembe na kufuata wa nje. Mwanzoni alikata kwa woga, kwa vipande vifupi, kisha mkono ukakubali. Upande wa kushoto alipanua pale Titus alipopanua. Nje lori lilipiga honi na hakuna aliyegeuka.

Alipoinua plastiki, chaki ilikuja nayo. Sakafuni ilibaki michirizi tu. Jedidah alikaa akiitazama, plastiki mapajani.

Kisha Jedidah aliifuta plastiki kwa kitambaa chenye sabuni, taratibu, pande zote mbili, ikawa angavu. Kitambaa kilibaki cheupe kwa chaki. Alikikamua mara moja, akakiweka dirishani kikauke.

"Leta ndoo," akasema.

Mkamburi aliosha sakafu ya karakana huku cherehani ikilia juu ya kichwa chake hadi jua likaelekea milima ya Taita. Jumamosi Zubeida alipita, akainua windskrini kwenye mwanga, akaikunja kwa adabu, akaondoka. Jumatatu alipiga simu akiwa mashuani, na nyuma ya sauti yake kamba zilikuwa zikigonga mlingoti.

"Bi Jedidah, zipu nimeifunga kwa mkono mmoja. Ule upande wa kushoto pia."

Siku hizi Jedidah ndiye anayekata. Kukiwa na kazi kubwa, Mkamburi huteremka kutoka Bura na kukaa juu ya plastiki isijikunje.