Mstari wa Dunja

Siku Ljubinka alipopandisha Debian yake kwenye toleo jipya, mstari wa Dunja ulitoweka.

Kompyuta ilikuwa moja, pale sebuleni kwao mjini Niš, na ndani yake mlikuwa na mifumo miwili ya kuendeshea, yote ya Linux: Debian ya mama na Fedora ya binti, Dunja. Kila ilipowashwa ilitoa orodha fupi, uchague unaingia kwa nani. Dunja alishahamia Göteborg, ng'ambo, kikazi, huu mwaka wa tatu, na Ljubinka hakuwahi kuigusa Fedora. Ila kila asubuhi aliuona ule mstari wake kwenye orodha. Sasa orodha ilibaki na Debian peke yake.

Akampigia Dunja simu.

"Mama, vitu vyangu vipo, havijapotea. Ni GRUB tu, ile programu ya kuwashia, imeacha kutafuta mfumo wa pili. Wala usihangaike. Futa upande wangu, upate nafasi."

"Nafasi ya kuweka nini, mwanangu? Picha za paka wa jirani?"

"Aa, mama bwana! Mimi si nina laptopu huku?"

"Najua unayo. We nieleze nifanyeje."

Dunja akashusha pumzi, akamweleza. Ljubinka, aliyechora ramani za mabomba ya maji kwa miaka thelathini, aliandika kila herufi kwa penseli. Akafungua faili la mipangilio, akaongeza mstari wa kuiruhusu GRUB itafute tena, kisha akaamuru orodha iundwe upya. Skrini ikajibu kwamba Fedora imeonekana.

"Haya, karibu ndani," akajikuta anaiambia.

Akazima, akawasha, akachagua. Likaja dirisha la kuingilia, na picha ya Dunja akicheka, nywele zimekwenda upande alipozikata mwenyewe bafuni.

"Nipo mlangoni kwako," akamwambia kwenye simu. "Nenosiri?"

Dunja akajibu kwa sauti ndogo: "Mama... hata mimi nimelisahau."

"Hamna shida. Kahawa umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Ile yao ya majimaji?"

"Hiyo hiyo."

Wakacheka kidogo, wakaagana.

Aliitazama ile picha mpaka skrini ikafifia. Ndipo akarudi kwenye Debian, akafungua tena ile mipangilio. Orodha ilipangiwa kungoja sekunde tano kabla ya kompyuta kuingia yenyewe kwenye Debian. Akafuta tano, akaandika sitini, ule mstari wa Dunja ukae mbele yake dakika nzima.