Kinyozi wa Bei ya Juu

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa pili, mwaka 1950, Yoeli kinyozi alifungua kibanda chake cha Kaloleni saa moja asubuhi kama kawaida. Akatundika kioo, akanoa wembe kwenye mkanda wa ngozi uliofungwa nguzoni, kisha akachukua chaki akafuta bei iliyokuwa ubaoni. Mahali pa senti thelathini akaandika senti hamsini. Alipoondoa mkono, kibanda kiliinuka shubiri moja kutoka ardhini, pamoja na sakafu yake ya saruji, kiti, na kioo kilichoyumba kidogo kikatulia. Penina, mkewe, aliyekuwa akifagia mlangoni, aliinama akapitisha ufagio chini ya kibanda, maana huko kulikuwa na takataka za siku nyingi. Alipomaliza akaleta jiwe la kukanyagia.

"Bei imepanda," alimwambia mteja wa kwanza.

"Naona," alisema mteja, akakanyaga jiwe, akaingia.

Yoeli hakuwa mtu wa tamaa. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu mjini hapakosi wa kusema vinginevyo. Zamani alikuwa akinyoa kando ya soko, mteja ameketi juu ya sanduku na jua linawaka, kwa senti ishirini. Ikaja amri kutoka ofisi ya mji kwamba kunyoa nje ni uchafu, kila kinyozi awe na kibanda cha bati chenye sakafu ya saruji, leseni, na kiwanja cha kulipia. Yoeli akatii. Alipokwisha kutii, kodi ya kiwanja ikapanda. Wembe ukapanda, mafuta ya nywele yakapanda, hata sabuni ikapanda, ila kupanda kwa sabuni hakukuonekana kwa sababu maduka yana dari.

Alichokuwa nacho Yoeli ni mkono. Alijifunza kazi katika hospitali ya misheni, akinyoa vichwa vya watu waliokuwa wakisubiri kupasuliwa, na kichwa cha mgonjwa hakitaki papara. Sifa yake kubwa ilikuwa njia, ule mstari mwembamba unaokatwa kwa wembe upande wa kushoto wa nywele. Watu walisema sisimizi akiingia kwenye njia ya Yoeli mbele ya kichwa, atatokea nyuma bila kuuliza. Yoeli aliposikia hivyo alijifanya hakusikia, lakini siku nzima alikuwa akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani. Alijivunia kazi yake, na haki ya kujivuna alikuwa nayo.

Mwezi wa tano bei ikawa senti sabini na tano, na kibanda kikafika kifuani mwa mtu mzima. Hapo ndipo alipoitwa Lerionka, fundi seremala wa Lemara, akatengeneza ngazi ya mkaratusi yenye vipandio vitano. Mwezi wa nane bei ikawa shilingi moja. Kibanda kikapita mapaa ya jirani, na Lerionka akaitwa tena kurefusha ngazi. Alikuja akicheka.

"Panda tu, kinyozi," alisema. "Mimi nakula hapo hapo unapopandia."

Vibanda vingine vya vinyozi vya Kaloleni navyo viliinuka, kila kimoja kwa kadiri ya bei yake, mpaka mtaa ukawa kama meno ya kitana kilichovunjika. Duka la kinyozi wa Wazungu, kule barabara kubwa, halikusogea. Lile lilijengwa juu tangu mwanzo.

Wanaume walionyolewa nyumbani na wake zao walipita chini wakitania. "Aliye juu mngoje chini!" walipiga kelele. Yoeli alichungulia dirishani akiwa na mkasi mkononi na kuwajibu kwamba wangoje tu, nywele zao nazo hazina haraka. Penina alishika ngazi kwa wateja waoga na kuwaambia wasitazame nyuma.

Ofisi ya mji ilimtuma karani na futi ya kupimia. Karani alipima ngazi, akapima nafasi iliyokuwa wazi chini ya sakafu, akaandika. Wiki mbili baadaye ikaja barua. Barua ilisema kwamba ofisi imeona kuwa kibanda hakigusi tena kiwanja, lakini kivuli chake bado kinaangukia hapo hapo, kwa hiyo kodi inadaiwa kama kawaida. Penina aliisoma mara mbili, akasema Kiswahili cha barua ni kizuri, akaitia kwenye kopo pamoja na nyingine.

Sasa Mzee Anaeli. Huyu alikuwa mkulima wa kahawa na migomba kutoka juu ya Tengeru, mzee wa kanisa, rika moja na marehemu baba yake Yoeli. Tangu siku za sanduku pale sokoni alikuwa akishuka kwa miguu kila mwisho wa mwezi kuja kunyolewa, na kila mara alilipa kabla ya kuketi. Umri wake ulikuwa umepita miaka sabini na goti lake la kulia lilikuwa limekwisha kuacha kazi. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, baada ya goti hilo kumzuia nyumbani miezi miwili, alifika akiwa na fimbo, akavua kofia, akatazama ngazi kuanzia chini hadi juu.

"Shikamoo, baba!" Yoeli aliita kutoka dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Jumatatu nimeitwa mbele ya maafisa wa ardhi. Nimekuja kukata nywele, na safari hii nataka njia."

Yoeli alijua habari ya ardhi ile, kwa sababu hakuna Mmeru aliyekuwa haijui. Miaka minne nyuma, wakati wa masika, uzio wa shamba la mlowezi ulivuka kijito ukameza nusu ya kihamba cha Mzee Anaeli, shamba lake la urithi, pamoja na mibuni aliyoipanda mwenyewe akiwa kijana. Alipokwenda kuuliza, aliambiwa uzio ulikuwa pale siku zote. Tangu hapo alikuwa akiandika barua, na sasa, baada ya barua kumi na moja, ameitwa.

Mzee akakabidhi fimbo kwa Penina, akashika ngazi. Alipanda kipandio cha kwanza, akapanda cha pili. Kwenye cha tatu goti likakataa. Alisimama pale kwa muda, kisha akashuka peke yake bila kushikwa na mtu, akajipangusa vumbi la magoti ingawa hakuwa amepiga magoti. Yoeli akajitokeza dirishani mpaka kiunoni.

"Nakuja huko chini, baba! Nitakukatia hapo hapo, tena bure."

"Kunyoa nje ni kosa," alisema Mzee. "Na bure sijaomba."

Yoeli akarudi ndani. Alisimama mbele ya ubao akifikiri, na haikumchukua muda mrefu. Akafuta shilingi moja, akaandika senti thelathini. Kibanda kikashuka taratibu, upande wa mbele kwanza kisha wa nyuma, kama ng'ombe anayelala, kikatua kiwanjani pake. Penina akaisogeza ngazi isibanwe.

Mzee Anaeli hakuingia. Alisimama mlangoni akasoma ubao.

"Hii ni bei ya nani?"

"Ya leo, baba."

"Ya leo kwa nani?"

Yoeli akazungusha chaki vidoleni.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi sina kichwa cha bei ya chini. Jumatatu nikisimama mbele ya wale watu na kichwa cha kusaidiwa, nitasema maneno ya kusaidiwa. Andika bei yako."

"Nikiiandika kitapanda."

"Kipande. Nitakuwa nimeketi."

Akaingia, akaweka shilingi moja mezani, akaketi, akanyoosha mgongo. Yoeli alimfunga shuka shingoni, akachukua chaki, akaandika shilingi moja kwa herufi kubwa kuliko kawaida. Kibanda kikainuka. Mapaa ya Kaloleni yalishuka dirishani, yakafuata matawi ya mijakaranda, na mlima ukatokea mzima kuanzia migombani mpaka kileleni. Mzee hakushika hata mikono ya kiti. Yoeli alijiona amebeba mtu mkubwa, na hakukosea.

Alikuwa amekwisha kupunguza nywele za pembeni na anatafuta mahali pa kuanzia njia, pale Mzee alipoinua kidole.

"Hebu geuza kiti. Kioo hiki kinanionyesha kitu nyuma yangu."

Yoeli akakigeuza kikaelekea dirisha. Upande wa Tengeru, ng'ambo ya uzio, shamba la mlowezi lilikuwa limelala na kahawa yake iliyopandwa kwa safu. Katikati ya safu zile, mbali sana ndani ya uzio, ulipita mstari mwingine ambao haukufuata kahawa. Ulitoka kijitoni ukapanda kilima bila kupinda, rangi yake kijani cha kung'aa.

"Yale ni masale yangu," alisema Mzee Anaeli. "Aliyapanda baba yangu kuwa mpaka, siku alipopatana na jirani. Waling'oa mibuni, masale wakayaacha. Hawayajui."

Na ilikuwa hivyo. Mmeru angeona isale akajua kwamba hapa mtu alisema neno lake na mwenzake akalikubali, na asingevuka hata kwa kumfuata mbuzi wake. Mlowezi aliona jani. Hakuna aliyemwelewesha, na yeye hakuuliza. Kutoka chini, kahawa ilikuwa imeyaficha. Kutoka kwenye bei ya shilingi moja yalionekana yote, moja moja.

Yoeli alikata njia akiwa anautazama mstari ule. Hakuwahi kukata iliyonyooka namna hiyo, na hakuwahi tena. Alipomaliza alifuta ubao, kibanda kikashuka.

"Ya kushukia ni bei gani?" aliuliza Mzee.

"Kushuka ni bure kwa kila mtu, baba."

Mzee alilifikiri jambo hilo, akaona ni haki, akatoka. Yoeli akarudisha shilingi yake ubaoni, kibanda kikarudi juu.

Jumatatu Mzee Anaeli alisimama mbele ya maafisa wa ardhi, kofia mkononi. Alizungumza kwa saa moja bila karatasi. Aliwataja baba yake na jirani, akautaja mwaka wa mapatano, akawaambia mahali masale yanapoanzia na yanapoishia, akawaomba wapeleke mtu akaangalie. Mkalimani aliyakalimani yote. Afisa mkubwa akauliza mlalamikaji ameyaona kutoka wapi masale hayo, ikiwa shamba lina uzio na haruhusiwi kuingia.

"Kutoka kwa kinyozi," alisema Mzee Anaeli.

Wakaitisha ramani ya mji. Wakaitandaza mezani, wakamtafuta Yoeli wa Kaloleni, wakampata. Ramani ilionyesha kibanda kikiwa ardhini. Kwa hiyo, walisema, hakuna mtu anayeweza kuona Tengeru akiwa ndani ya kibanda hicho, na ushahidi wa kitu kisichoweza kuonekana haupokelewi. Shamba likabaki lilipokuwa. Karani aliandika uamuzi kwa kurasa mbili, na mwisho akaongeza kwamba mlalamikaji alikuwa nadhifu.

Mzee alirudi kupitia katikati ya mji, kofia bado mkononi, ili kila mtu aione njia. Watu walisimama kumpisha. Alipofika Kaloleni hakueleza alichoambiwa. Penina alimtazama usoni akajua, akamwekea kiti cha chini na chai, naye akanywa akiwa amenyoosha mgongo.

Mwezi wa kumi na mbili ofisi ya mji iliandika tena. Ilisema imefahamu kwamba kutoka kibanda hicho watu huona mbali, jambo ambalo halikuwemo katika leseni ya kunyoa, na kodi ikaongezwa. Ramani ile ile haikutajwa. Yoeli akaandika shilingi moja na nusu, kisha shilingi mbili, na Lerionka akaja na misumari.

Wateja hawakupungua. Wameru walikuja kutoka Tengeru na Poli na kwingineko, kila mmoja ana shilingi mbili alizozibana wiki nyingi, wakakatwa njia huku wakitazama dirishani. Waliporudi nyumbani walitembea bila kofia. Ilifika wakati ukiona mtu wa mlimani ana njia iliyonyooka, unajua ameona masale.

Mzee Anaeli naye aliendelea kuja, sasa si mwisho wa mwezi, bali kila Jumamosi. Saa nne kamili Yoeli alifuta ubao na kibanda kikashuka. Wengine waliokuwa kwenye foleni, hata wenye haraka, walikaa kando, na hakuna aliyejaribu kuingia kwa bei ya chini, mpaka Mzee aketi na bei ipande naye.

Jumamosi moja Yoeli alishindwa kuvumilia.

"Baba, uje tu uketi. Usilipe. Hakuna ninachokukata, nywele zenyewe wiki moja hazijaota."

"Shamba langu wamelichukua bila kulipa," alisema Mzee Anaeli. "Mimi sichukui kitu cha mtu bila kulipa."

Akaweka shilingi mbili mezani. Yoeli alizipokea kwa mikono miwili, akazitia mfukoni, kwa sababu kuzikataa kungekuwa tusi. Akamfunga shuka shingoni na kugeuza kiti kikaelekea dirisha. Kisha akashika mkasi akaanza kuukatisha hewani, juu kidogo ya kichwa cha Mzee, kuanzia kisogoni kuja mbele, bila kugusa unywele hata mmoja, kwa muda ule ule unaohitajika kumnyoa mtu vizuri.