Jina la Mmiliki

Kiwanda cha viatu pale Fermo, Italia, kilikuwa kinafungwa kesho kwa likizo ya Agosti, na watu wote walishaanza kuongea habari za bahari. Ilenia yeye alikuwa ndani ya chumba cha kompyuta na Mzee Severino, baridi ya kiyoyozi ikimuuma miguu, barua kutoka mji wa Torino mfukoni. Kule alipata kazi, na kule ndiko aliko Ruggero, mchumba aliyemngoja miaka miwili. Jibu lilitakiwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Hakuwa amemwambia mtu.

Kwa miezi kumi Severino alimfundisha kupanga majedwali ya ngozi, ya soli na ya wateja, kila mstari na ufunguo wake, na kwa nini mashine haikubali kumfuta mteja ambaye oda yake haijaisha. "Humu hatuachi yatima," mzee alizoea kusema. Ilenia aliipenda kazi ile, tusimsingizie. Alichochukia ni kwamba kila alichojifunza kilizidi kumfungia humo, maana kiwanda kizima hakuna mwingine aliyetaka kujua.

Leo ilibaki kazi moja tu: kumfuta Severino mwenyewe. Alikuwa anastaafu, na jina lake lilipaswa kutoka.

Ilenia akaandika amri, akabonyeza. Mashine ikakataa.

"Inasema una vitu elfu nne na ushee," alisema. "Majedwali, programu, vyote mali yako."

"Ndiyo tabia yake. Haimwachi mtu aende mpaka mali yake ipate jina la mwingine. Na mwenye jina ndiye anayepigiwa simu mambo yakiharibika. Hata Agosti. Hasa Agosti!" Mzee akacheka. "Mwaka tisini na tatu niliandika jina langu hapo ili Bi Ines, aliyenifundisha kazi hii, aende zake. Akanibusu mashavu yote mawili. Nikadhani ananipenda, kumbe mgeni njoo mwenyeji apone."

"Tukiliacha jina lako je?"

"Watanipigia mimi. Na mke wangu haachiki tena peke yake, binti yangu. Jana nimemkuta kwa muuza magazeti, amevaa gauni la kulalia."

"Tuandike la bosi, basi."

"Bosi? Yule anayefunguliwa barua pepe na karani? Siku ya pili tu atanipigia mimi." Mzee akapangusa miwani. "Andika la mtu anayejua kazi. Lakini sikulazimishi."

Hapo ndipo Ilenia alipokasirika hasa. Laiti angelazimishwa, angalau angepata wa kumlaumu.

Akaandika herufi sita za jina lake mwenyewe. Mashine haikubisha. Akarudia amri ya kwanza, na jina la Severino likatoweka kama halikuwahi kuwapo.

Mzee akainuka, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu mashavu yote mawili.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Ilenia alitoa barua ya Torino, akaiweka mapajani bila kuikunjua. Simu ya mezani ikalia. Severino, aliyekwisha kuvaa kofia, alikuwa mlangoni, na hakugeuka.