Wageni wa Mama

Mtengeneza miwani alifika mgahawani saa nne asubuhi ya Jumapili, amemshika mama yake mkono kana kwamba sakafu ina utelezi. Mdogo wake, dereva wa malori aliyeitwa Kipara ingawa nywele alikuwa nazo tele, alishatangulia na kukalia meza ya katikati.

Mambo yote walikuwa wameyapanga kwa simu. Tangu baba yao afariki mama aliishi peke yake, mtaa wa pili kutoka hapo, na dada mtu, huyo mtengeneza miwani, aliamini upweke unamla kidogo kidogo. Ahamie kwake. Dada angelitoa neno, Kipara angeitikia.

"Kaa hapa, mama."

"Hapo moshi wa jikoni wote unakuja kwako," mama alisema, akapitiliza hadi meza ya dirishani. Wakamfuata.

Mhudumu akaleta chai ambayo hakuna aliyeiagiza, akaiweka mbele ya mama, na asali pembeni.

"Leo umekuja na wageni, mama?"

"Wanangu hawa."

"Karibuni jamani! Basi na nyinyi mtakuwa moto kwenye drafti."

Hawakuwa moto. Hata kwamba mama anacheza hawakujua. Kwenye meza ya jirani, fundi saa mstaafu aliinua mkono bila kubandua macho kwenye ubao wake. "Mwambieni aache kunikimbia," alisema. "Tangu Alhamisi namsubiri."

"Nani akukimbie wewe?" mama akamjibu. "Ngoja ninywe chai."

Mayai yakaja, na mkate, na matunda. Kipara alikula kama mtu aliyetoka safari, na kweli alikuwa ametoka safari. Dada mtu alilikata yai lake vipande vidogo vidogo, asile hata kimoja.

"Mama, mimi na Kipara tulipigiana simu, tukaongea..."

"Mkaongea. Mimi nilikuwa wapi?"

Kipara akaona sahani yake ina mengi ya kutazamwa.

"Wanasema asiyekuwapo na lake halipo," mama aliendelea, sauti ile ile. "Lakini mimi nipo. Najua mlichopanga. Nije kwako nifanye nini? Wewe unatoka asubuhi, mumeo anatoka asubuhi, watoto wako shule. Nipige soga na jokofu?"

"Chumba nimeshakipaka rangi, mama."

"Rangi gani?"

"Kijani."

Mama akafikiri kidogo. "Jumatano sina shughuli. Nitakuja nikione, nilale. Alhamisi unirudishe mapema."

Dada akamgeukia mdogo wake. "Si ulisema utaitikia?"

"Naitikia," Kipara akasema. "Mama amesema Jumatano." Akacheka hadi chai ikampalia.

Dada mtu aliitafuta hasira yake, akaikuta ndogo kuliko alivyotarajia. Alimtazama mhudumu akimwongezea mama chai, akajiuliza ni wapi yeye angeletewa kikombe bila kuulizwa. Hakupata mahali.

Saa sita kasoro wakainuka. Mama hakuinuka. Kiti cha Kipara hakijapoa, fundi saa alishakikalia na kuanza kupanga kete.

Nje, mtengeneza miwani alisimama karibu na kioo. Mama alikula kete mbili kwa mpigo mmoja, akasema neno, fundi saa akashika kichwa. Hakuna aliyetazama nje.

"Twende, dada," Kipara akasema.

Wakaenda.