Miguu ya Boti Ilikoelekea

Fidelis alikuwa mwana wa Agustino Banzi, seremala aliyechonga milango ya kanisa la misheni, ambayo hadi leo haijapinda. Mama yake alikuwa Anastasia, dada wa mzee aliyerithi jina la ukoo na kuamua mashauri ya bonde zima pasipo kupokea hata kuku. Katika watu hao hakutoka mwizi wala mwongo. Fidelis mwenyewe alifundisha hesabu huko Turiani hadi akastaafu, na wajukuu walijua kwamba mbele yake maneno hupangwa kwanza, ndipo husemwa.

Ndiyo maana Felista, mjukuu wake aliyeendesha boti ya ukoo, alipokuja kuomba miguu ya boti ibadilishwe, alivaa gauni la kanisani.

Boti hiyo ya faiba, kuukuu lakini imara, ilivusha kabichi, karoti na abiria wa milimani hadi ng'ambo ya bwawa, ambako malori ya Morogoro mjini hungoja. Injini zake mbili zilikaa ndani. Kwa nyuma iliteremsha majini miguu miwili ya chuma, kila mmoja na propela yake; miguu hiyo ndiyo iliyosukuma boti, na ndiyo iliyoigeuza. Tangu mvua za vuli, boti ilikuwa ikizimika katikati ya bwawa, mara zote mahali palepale. Wiki iliyopita ilizimika na wajawazito wawili ndani.

"Babu, mtu atakufa," alisema Felista.

"Fundi anasemaje?"

Rehani, fundi aliyejifunza kazi Ngerengere na ambaye kwao ni palepale bondeni, alisogea. "Shikamoo, Mwalimu. Miguu imechoka. Mipira inayozuia maji imepasuka, beringi zinalia. Kilichobaki ni kuipeleka makumbusho, watoto waione kwa kiingilio. Tufunge mipya, yenye propela mbili kila mguu."

"Marahaba. Na kwa nini ichokee mahali pamoja tu?"

"Magugu, Mwalimu."

"Magugu yangekuwa na adabu hivyo, shamba langu lisingenitesa. Nitapanda mwenyewe nione, kisha nitaamua."

Waliondoka asubuhi. Ukungu wa Uluguru ulikuwa umeteremka hadi kwenye maji, milima haionekani, na sauti ya injini ikawarudia kana kwamba boti nyingine inawafuata. Chini yao lilikuwapo bonde la zamani, mashamba ya ukoo wa Anastasia, yaliyofunikwa na maji miaka ile Fidelis alipokuwa Turiani.

Injini zikazimika zote mbili, bila kukohoa.

"Umeona, Babu?" Felista alinong'ona. Usukani mikononi mwake ulikuwa umenyooka. Fidelis akainama nyuma na kutazama. Miguu yote miwili ilikuwa imegeukia kushoto, sambamba, kama watu wawili waliosikia jina lao likiitwa.

"Waya wa usukani umelegea," alisema Rehani. Akainyoosha miguu kwa mikono yake. Alipoiachia ikarudi kushoto, polepole. Upepo wa mlimani ulikuwa ukivuma juu ya maji, lakini boti haikusogea hata shubiri.

Kisha chini ya sakafu pakagongwa. Ko. Kimya. Ko, ko.

Fidelis alishika ukingo wa boti. Ugongaji ule aliujua kabla hajajua kusoma. Agustino alikuwa ameoa bondeni na kujenga kwa wakweze, kama wanaume wengi wa Uluguru walivyofanya. Ardhi ni ya upande wa mke, na mume hubaki mgeni hata akizeeka. Kwa hiyo maisha yake yote seremala yule alibisha hodi kwenye mlango alioutengeneza mwenyewe: mara moja, akasubiri, kisha mara mbili.

Ko. Kimya. Ko, ko.

"Mwalimu, usiitikie," alisema Rehani. "Asiyeonekana haitikiwi."

"Nililelewa kwamba anayebisha hodi hujibiwa," alisema Fidelis, akasimama wima. "Karibu, baba."

Felista alijaribu ufunguo. Injini zikawaka mara ileile.

Fidelis hakwenda nyumbani. Alipanda mlima hadi kwa Catherine, binti wa shangazi yake, mkubwa wa ukoo wa Agustino.

"Catherine, makaburi ya bonde yalipohamishwa, baba yangu mlimzika wapi?"

Bibi yule aliacha kupepeta. "Sisi? Ninyi wanawe si ndio mliokuwa naye? Kila ukoo ulihamisha watu wake. Tulijua mmemchukua pamoja na mama yenu."

"Nasi tulijua ninyi ndio wenye maiti yenu."

Ungo ulimponyoka Catherine. Kila Novemba, siku ya marehemu, Fidelis alikuwa akiwasha mshumaa kule juu misheni, kwenye kaburi moja miongoni mwa yale ambayo misalaba yake ya miti ilikuwa imeoza. Hakuwa amemuuliza mtu. Sasa hakujua alikuwa akimwombea nani.

Kiangazi maji yalipopungua, tope likatoka nje kushoto mwa mahali pale, pale hasa miguu ya boti ilipokuwa ikielekea. Koo zote mbili zilichimba pamoja. Agustino aliletwa mlimani akazikwa kando ya Anastasia, na padri akasoma jina lake kwa sauti.

Baada ya maji kurudi, Felista aliuliza tena kuhusu miguu mipya. "Tuijaribu ya zamani kwanza," alisema Fidelis.

Walipita mahali pale bila injini kutetereka. Felista akacheka kwa sauti. "Rehani, kumbe fundi ni Babu! Wewe rudi Ngerengere ukauze maandazi."

Rehani alifungua kinywa amjibu. Injini zikazimika.

Safari hii miguu iligeukia kulia, yote miwili, polepole, kuelekea pale ulipokuwa msikiti wa zamani wa bondeni. Hapakugongwa. Kutoka chini ya sakafu kulisikika kikohozi kikavu, cha mzee anayewapa wanawake wa nyumbani nafasi ya kujitanda kabla hajaingia.

Spana ilimwanguka Rehani. "Babu Mwinjuma," alisema. "Alikuwa akikohoa hivyo." Alimgeukia Fidelis, na uso wake ulikuwa kama wa mtoto. "Mwalimu, naye alioa huku. Babu yangu alihamishwa na nani?"

 Fidelis aliinama, akatazama vyuma vile vilivyochoka vikielekeza kidole majini, na shauri lake likakamilika.

"Miguu hii haitafunguliwa leo. Abiria watavushwa kwa mitumbwi. Siku boti itakapovuka bwawa zima bila miguu kugeuka, ndipo mtafunga mipya. Nanyi wawili nisikilizeni: nendeni mlimani na kando ya bwawa, nyumba kwa nyumba, mkaulize kila mume aliyejenga kwa wakwe akafia huko amelala wapi. Msiniletee neno 'tulidhani'. Nendeni leo, maana wanaokumbuka wamebaki wachache, na pumzi zao ni fupi."

Chini ya sakafu, pakakoholewa tena.

"Rehani," alisema Fidelis, "mwitikie mzee."