Kiboko Hakufukuza Mutu

Kamusenyi yote, pale kando ya ziwa Édouard, hakuna aliyemushinda Kahongya kwa uongo. Ni yeye aliyeeneza habari kwamba kambale alimeza velo, ile baiskeli ya katekista, na kwamba mawimbi yakichafuka kengele yake inalia bado chini ya maji. Watu walicheka, wakamuongezea samaki kwenye sahani. Uongo wake haukumuibia mutu hata kijiko.

Ndiyo maana Patron Apollinaire alimutafuta. Huyo ni tajiri muuza simenti wa Kimemi, kule Butembo. Alishuka Kamusenyi na polisi na buldozeri, akatangaza kwamba mwambao ni wake. Nyumba zilianguka sufuria zikiwa motoni. Pale walipoanika samaki, pakaota miavuli ya rangi. Sasa kila Jumapili watu wa Butembo na Beni wanateremka kuoga na kupiga picha. Wanakula tilapia aliyeletwa ndani ya barafu, maana wavuvi wenyewe wamekatazwa kutega nyavu. Eti harufu yao inasumbua wageni. Harufu ya samaki, kando ya ziwa!

Patron alikuwa na shida. Wavuvi walikuwa wameomba warudishiwe kipande kimoja tu cha mwambao, pa kufikia mitumbwi, na wakubwa wa teritware, yaani wilaya, walikuwa wanakuja kuamua. Kwa hiyo alitaka Kahongya avae kofia ya majani, asimame mbele yao, asimulie historia ya kijiji: viboko walisumbua watu mpaka wakahama wenyewe, na tena wakamushukuru Patron.

Kahongya aliuliza ni nani aliyefukuzwa na kiboko.

“Papa Kahongya,” Apollinaire akacheka, “weye njo ulisema samaki ilikula velo. Kiboko moja tu inakushinda?”

Nyumbani, katika chumba walichopanga kule kilimani, muke wake Jokébed alisikiliza yote huku akichambua maharagi. Hakupandisha sauti.

“Uongo yako ilikuwaka ya kutuchekesha,” akasema. “Hii ni ya kutuzika.”

Jumapili ilipofika, Kahongya alivaa kofia. Patron alimutambulisha kama bingwa wa hadithi wa ziwa zima, na wakubwa, kila mutu na chupa yake, wakaegemea viti. Muzee akakohoa. Akasimulia buldozeri. Akasimulia jinsi Mama Godelive alivyokimbia na chungu cha moto kichwani, jinsi mitumbwi ilivyochomwa huku wenyewe wakitazama. Kiboko hakumutaja.

Apollinaire hakubabaika. Alipiga makofi.

“Munasikia? Si niliwaambia? Huyu muzee anadanganyaka mpaka unaamini!”

Wakubwa wakacheka hadi wakafuta machozi. Kahongya akaapa kwa jina la Mungu, wakacheka zaidi. Maisha yake yote alikuwa amekitafuta kicheko cha watu, na leo kilimuchoma kama mwiba wa samaki. Hasira ikamupanda.

Akavua kofia. Akapita kati ya meza, akaingia ndani ya buvette, ile baa ya Patron, akajinyoosha chali juu ya karo nyeupe za sakafu.

“Apa njo kitanda yangu ilikuwa,” akasema. “Miguu ilikuwa inaangaliaka ziwa. Batoto yangu yote balizaliwa apa.”

Wakubwa wakamufuata ndani, kicheko kikapungua. Mukubwa mumoja akainama, akamuomba aseme ukweli sasa, muchezo umetosha.

“Ile ya buldozeri njo ilikuwa ukweli,” muzee akajibu.

Apollinaire akaamuru mulinzi amutoe. Mulinzi alikuwa Kambere, mutoto wa jirani yao wa zamani. Alimutazama muzee, akamutazama Patron, kisha akaenda kukaa chini kando ya friji.

“Sisi tulikuwa pembeni yake,” akasema. “Apa, kwenye friji.”

Jokébed, aliyekuwa amekuja kusikiliza, akatokea upande wa jikoni, na Godelive nyuma yake. Hawakuuliza mutu ruhusa. Jokébed akakaa karibu na miguu ya mume wake. Godelive akatafuta kwa macho, akasogeza meza ya wageni, akakaa mahali pa jiko lake. Wavuvi waliokuwa nje wakingoja uamuzi wakaingia, kila mutu akakaa palipokuwa kwake.

Muziki ukazimwa. Mukubwa wa teritware alitaka kutoka nje. Akainua mguu, akaangalia chini, akabaki hivyo, kwani hakujua tena ni nyumba ya nani anataka kukanyaga.