Betri ya Sixbert

Kaka yangu Sixbert hakukubali betri ya laptop yake ishuke chini ya asilimia ishirini. Hapa Rutamba nyumba yetu ina sola moja. Asubuhi ile aliichomoa simu ya mama, akachomeka laptop.

"Mama, hicho kitochi chako kitasubiri."

Mama akaenda kuokota korosho akiwa na simu iliyozima. Nyoka akamgonga huko. Tulimkuta alasiri, amekufa, kidole gumba bado kimekandamiza kitufe cha kuwashia.

Msibani, mjomba Lukas alimuuliza Sixbert amefanyaje betri ikadumu miaka saba. Sixbert akamweleza taratibu, kama mwalimu: usiiache ikaishiwa chaji, na usiiache juani hata saa moja.

Mama alikaa juani kwa saa sita.